Bustani ya Gaudiosa

Liuli,
14 Aprili 2024

Shangazi yangu Hildegardi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nakuona hapo Litembo umeshavaa miwani, umeshika kalamu nyekundu kunisahihishia barua kama vile bado niko darasa la nne kwako. Sahihisha tu, ila uirudishe na majibu.

Huku wote wazima. Watoto watatu wazima, mama mkwe mzima, na mkweo Nathanieli anasema mama mkwe wake wa milimani asimsahau maharage yakivunwa. Usipa wa ziwani umekuja mwingi wiki hizi mpaka tumekosa pa kuuanika. Nimekufungia furushi, Hyasinti wa bodaboda atalipokea stendi ya Mbinga na kukupandishia pamoja na barua hii. Kaka Florian alinipigia kutoka Songea akanicheka: "Mwaka huu bado mnaandikiana barua?" Nikamwambia simu ni ya mwenye masikio, na Shangazi yangu masikio aliyastaafisha siku moja na chaki.

Sasa shida yangu. Huku samaki tunao, mboga hatuna. Uwanja wangu ni mchanga mtupu, ukimwaga maji yanapotea kabla hujanyoosha mgongo. Kila siku nanunua mchicha kwa kina mama wanaouteremsha kutoka huko juu, fungu mia tano, na fungu lenyewe ukilipika linakaa kwenye kiganja. Tuko watu sita, Shangazi. Mafungu matatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyenifundisha kuzidisha. Kila mwezi nakula pesa ya mabati ya jiko langu, na nyanya hapo sijazigusa.

Basi nimechoka. Nimekusanya kila kitu kinachoweza kubeba udongo: viroba vya unga, beseni lililopasuka, madumu mawili niliyoyakata ubavuni, na mtumbwi wa marehemu baba mkwe uliooza upande mmoja, uko nyuma ya nyumba miaka yote. Niliogopa kuugusa. Mama mkwe aliutazama, akasema, "Ulitulisha zamani, utulishe tena." Udongo mweusi nimeuleta kwa mkokoteni kutoka kando ya mto. Nathanieli alicheka mpaka akakaa chini. Anasema tangu azaliwe hajaona mtu anautia mtumbwi maji kwa makusudi.

Nitumie mbegu za mnavu, na za maboga ya kula majani. Na uniambie unaendeleaje, usiniandikie "mzima" peke yake kama barua ya ofisini.

Mwanao,
Rosina


Litembo,
5 Mei 2024

Mwanangu Rosina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Usipa umefika, na Hyasinti hajala hata mmoja, nimemkagua mdomo.

Mimi mzima. Kahawa inaanza kuiva. Gaudiosa jirani yangu anakusalimu, huyo huyo wa kwenu huko Liuli aliyekuja kupika hospitalini akaolewa huku. Miaka thelathini sasa, na bado kila asubuhi analalamikia baridi kama mgeni wa jana.

Sasa hayo mambo yako. Rosina! Binti wa Kimatengo unalima kwenye beseni? Wewe niliyekufundisha kuchimba ngoro ukiwa na miaka tisa? Nikukumbushe, maana naona mchanga umekuingia kichwani. Unafyeka majani, unayapanga kwa mistari ya mraba kwenye mteremko, unachimba udongo wa katikati na kuifunika ile mistari. Yanabaki mashimo, mlima mzima, mvua inakaa humo badala ya kuondoka na shamba, na maharage yanasimama kwenye kingo. Hiyo ndiyo kazi. Bibi yako alichimba, mimi nimechimba, na mlima bado upo. Leo mtu anatia udongo kwenye kiroba cha unga anasema analima! Kiroba ni cha mtu aliyechoka.

Mimi bustani yangu ya bondeni iko vizuri. Nateremka kila asubuhi, nachuma, napanda, bila shida. Nakuambia hivi ili umwambie na kaka yako. Unakumbuka alivyonibana Krismasi: "Shangazi, siku utakapoanza kununua mboga ujue hujiwezi tena, na siku hiyo nakuja na gari, unahamia Songea." Nikamwambia sawa, makubaliano, mbele yako na mbele ya Gaudiosa. Ana mapenzi, sikatai. Nimewalea wote wawili tangu wazazi wenu walipofariki, namjua. Lakini Songea nitafanya nini? Hapa sisikii, ila kila mdomo naujua. Gaudiosa akifungua tu kinywa nimeshamwelewa. Huko nitakaa sebuleni kama kabati. Na kaburi la mume wangu Stephano nani atalifagia?

Basi, mboga sijanunua na sitanunua.

Mbegu nimezifunga kwenye karatasi. Usimwagilie jua likiwa kali. Na huo mtumbwi utoboe chini, usije ukafuga vyura.

Shangazi yako,
Hildegardi


Liuli,
9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya mwezi uliopita, maana furushi lako lilikaa wiki tatu kwa mama muuza soda stendi ya Mbamba Bay. Alidhani ni ugoro. Mbegu nzima, nimeshazipanda.

Nathanieli ana kikohozi kidogo, wengine wazima. Mama mkwe alininunia, ngoja nikueleze.

Ni habari ya mbolea. Kwetu tunaweka samadi na makapi ya kahawa. Huku sina ng'ombe, nina vichwa vya samaki. Nikafikiri, kinachooza ni mbolea. Nikafukia ndoo nzima ya vichwa kwenye mtumbwi, vidole vinne tu chini ya udongo, halafu nikapanda mchicha juu. Watu wa hapa walinitazama wakanyamaza, walidhani ndivyo tunavyofanya milimani. Asubuhi natoka, nakuta mbwa sita na kenge mmoja wamejaa ndani ya mtumbwi kama abiria, udongo wote nje. Harufu ilifika kanisani. Mama mkwe hakusema neno siku tatu. Ya nne akasema, "Mlima umeshuka kutufundisha samaki." Nathanieli mpaka leo akiuona ule mtumbwi anauliza nauli.

Nimeanza upya. Vichwa nimevifukia kina cha mkono mzima, nimeweka majivu, nimefunika matawi ya miiba mpaka vikaoza. Sasa njoo uone, Shangazi! Mchicha umefunika kingo za mtumbwi. Chainizi kwenye madumu, nyanya kwenye beseni. Wiki ya tatu sijanunua mboga. Kila siku natia pesa ya mafungu kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo limeanza kuwa zito.

Umesema kiroba ni cha mtu aliyechoka. Nakubali. Nakaa kwenye kigoda nachuma nikiwa nimekaa. Wewe hujawahi kuchuma mboga umekaa. Ni raha ya dhambi.

Kaka Florian aliniuliza habari zako. Nikamwambia unateremka bondeni kila asubuhi. Alifurahi.

Mwanao,
Rosina


Litembo,
30 Juni 2024

Mwanangu Rosina,

Marahaba kwa zote mbili. Pole kwa kenge. Nilimsomea Gaudiosa barua yako, amecheka mpaka akamwaga chai.

Mimi mzima. Kahawa tunachuma. Mwaka huu nimeweka vibarua, kila mtu anaweka siku hizi.

Nina swali, na si langu. Gaudiosa ameumia mguu. Aliteleza. Hawezi kuteremka bondeni, na bustani ya bondeni isipoangaliwa kiangazi hiki inakufa, na yake imekufa. Hapendi watu wajue, kwa hiyo usimpigie simu wala usiwaambie ndugu zake huko. Anataka kujua hayo mambo yako ya viroba. Kiroba kimoja kinamlisha mtu mmoja siku ngapi? Tuta linainuliwa kiasi gani ili mtu asiiname? Mtu aliyekaa kwenye kigoda mkono wake unafika wapi? Udongo kiasi gani, samadi kiasi gani? Na je, vinaweza kukaa hapo hapo mlangoni, tuseme hatua nne kutoka kitandani?

Jibu upesi. Ana haraka.

Hildegardi


Liuli,
14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tuko salama, kikohozi cha Nathanieli kimekwisha. Barua yako nimeisoma mara tatu. Kwanza, hii nayo imeandikwa kwa penseli. Wewe, Mwalimu Hildegardi, uliyekuwa ukisema penseli ni ya darasa la kwanza na ya seremala? Wino umeisha Litembo nzima?

Masikini Gaudiosa. Mpe pole yangu kubwa. Sijamwambia mtu.

Mwambie hivi. Achague mahali panapopata jua la asubuhi, karibu na mlango wa jiko. Amtafute mtu amkatie miti ya mikaratusi, amfungie fremu ya kufika juu kidogo ya goti, upana wa mkono wake kufika katikati bila kujinyoosha. Chini atandike nyasi kavu na vipande vya mgomba. Juu yake udongo sehemu mbili, samadi iliyopoa sehemu moja, na makapi ya kahawa ya mwaka jana. Si ya mwaka huu, ya mwaka huu yanaunguza. Uso wa tuta uwe sawa, tambarare kama meza.

Kwenye kiroba, asimamishe katikati kopo lisilo na kitako, alijaze mawe madogo, udongo uzunguke nje. Akijaza analivuta kopo juu, anajaza tena, mpaka mawe yabaki nguzo katikati. Maji yatapita humo. Ubavuni atoboe matundu apande na hapo. Kiroba cha kilo hamsini kinampa mtu mmoja mboga siku mbili kwa wiki, akichuma majani ya chini bila kung'oa. Viroba vitatu na tuta moja, gengeni watamsahau sura. Maji aliyooshea mboga yasimwagwe uwanjani, hayo ndiyo ya kumwagilia.

Hayo ni ya Gaudiosa. Ya kwako yako wapi? Safari hii hukuniandikia hata neno moja la bondeni. Mnavu umeota?

Mwanao,
Rosina


Litembo,
25 Agosti 2024

Mwanangu Rosina,

Marahaba. Kalamu iko juu ya kabati, penseli iko mezani. Usianze.

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunasubiri kuona. Viroba vya Gaudiosa vimekubali. Tuta limekataa. Hyasinti alikata miti akafunga fremu safi kabisa. Ndani Gaudiosa akatandika turubai la zamani ili udongo usitokee kwenye nafasi za miti. Kisha akapanga majani makavu kwa mistari ya mraba, akaifunika kwa udongo, akaacha mashimo sita katikati, mazuri, kina cha kiganja, akapanda mnavu kwenye kingo. Ndoo asubuhi, ndoo jioni. Maji yanakaa kwenye yale mashimo mpaka kesho yake. Mnavu ukageuka manjano, ukiugusa unang'oka wenyewe, mizizi imeoza. Akapanda mara ya pili, ikawa vile vile. Mbegu zimekwisha. Viroba vimechumwa mpaka vimebaki vijiti, na wiki hii amekula maharage matupu siku nne.

Florian amemwambia Hyasinti kwamba atapita kunitembelea mwezi wa kumi. Kwa hiyo Gaudiosa anataka tuta liwe limekubali kabla ya hapo.

Niambie amekosea wapi. Amejitahidi sana, Rosina.

Shangazi yako,
Hildegardi


Liuli,
8 Septemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe. Barua yako nimeisomea kwenye ukingo wa mtumbwi. Nilicheka kwanza, halafu nikalia, Nathanieli akatoka mbio akidhani kuna msiba.

Gaudiosa ni Mnyasa wa hapa hapa Liuli. Miaka thelathini huko kwetu hajachimba ngoro hata moja, wewe mwenyewe unamtania kila mwaka kwamba analima matuta ya mihogo mlimani. Niliandika uso wa tuta uwe sawa kama meza. Gaudiosa angeuweka sawa kama meza. Namjua mtu mmoja tu duniani ambaye ukimwekea fremu ya udongo mlangoni kwake atapanga majani mraba na kuchimba ngoro humo ndani. Na ndiye anayetembelewa na Florian mwezi wa kumi.

Shangazi, mguu ni wako.

Nimempigia Gaudiosa. Usimgombeze, alikataa mara mbili. Mara ya tatu akalia, akasema ni tangu Machi, ulianguka kwenye njia ya bondeni, na ni yeye aliyekuwa akikuchumia mboga mpaka bustani ilipokauka. Tangu Machi! Umeniandikia "nateremka kila asubuhi, bila shida" ukiwa kitandani. Na mimi nikakutania habari ya kuchuma umekaa. Mpaka sasa najisikia vibaya.

Kwanza dawa ya tuta. Ngoro inakubali kwa sababu mlima ulio chini yake unakunywa maji. Wewe chini umeweka turubai, maji yaende wapi? Si wewe uliyeniambia nitoboe mtumbwi nisije nikafuga vyura? Toboa turubai kila penye upana wa kiganja, sawazisha mashimo, panda upya. Mbegu nimezifunga humu. Ni za mnavu wa mtumbwini, watoto wa mnavu wako.

La pili ni gumu. Nimemwambia Kaka Florian. Nilikaa siku mbili nikiwa na simu mkononi, halafu nikampigia. Sikumwambia aje kukuhamisha. Nilimwambia mtu aliyetulea ana mguu wa miezi sita haujaangaliwa, na hospitali iko jirani naye. Akasema "Sawa," akakata. Unaijua "sawa" ya Florian.

Nikasirikie, ila unijibu.

Mwanao,
Rosina


Liuli,
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mwezi umepita. Hyasinti anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaisoma hapo hapo, ukaingia ndani. Gaudiosa simu yake haipatikani. Florian hapokei. Sijui hata kama hii naituma Litembo au Songea.

Nisamehe. Kama umeshahamishwa, ni mimi niliyekuhamisha. Nisamehe kwa kaburi la Baba Stephano, na kwa mlango wako, na kwa midomo yote unayoijua. Nisamehe, niliogopa. Mnavu umejaa mtumbwi mzima na nikiupika wanakula wengine.

Andika hata mstari mmoja, hata kwa penseli. Nisamehe.

Rosina


Litembo,
27 Oktoba 2024

Mwanangu Rosina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Rudi juu usome mahali ninapoandikia, uvute pumzi, halafu uendelee.

Nilikukasirikia. Barua yako niliiweka chini ya godoro nikailalia wiki mbili. Nilisema, huyu niliyemlea ameniuza kwa kaka yake. Lakini turubai nilitoboa siku ile ile. Hasira ni hasira na mboga ni mboga.

Florian alikuja Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Mnavu wa mbegu zako ulikuwa umesimama vizuri, umejaa tuta. Alikuja na gari la kukodi, na nyuma kuna godoro la kunilazia njiani. Mimi niko kwenye kigoda, nachuma. Gari sikulisikia, nilishtukia kivuli juu ya mboga. Akatoa shikamoo, akatazama fimbo yangu ya kutembelea, akatazama mguu. Mboga hakuitazama. Akaweka mfuko mezani: kabichi mbili na chainizi, amenunua sokoni Mbinga. "Nilijua huna mboga," akasema.

Nilipika. Ugali, mnavu, na usipa wako niliokuwa nimeutunza. Alikula sahani mbili akaongeza. Alipomaliza nikamwambia, "Florian, makubaliano yalikuwaje?"

Akasema, "Siku mtu anaponunua mboga, anahama."

"Hicho ulichokula nimekichuma hatua nne kutoka kitandani kwangu. Sijanunua hata jani. Aliyenunua mboga kwenye nyumba hii ni mmoja tu, na mfuko wake ule pale. Basi nenda kashushe godoro lako, umehama."

Alicheka, Rosina. Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, na nilipotazama mabega nikaona kumbe hacheki tena. Akasema kitu akiwa ameinama vile vile. Nikamwambia inua uso, sikuoni midomo. Akainua. Alikuwa anauliza, "Kwa nini hukutuita?"

Nikamweleza, na sasa nakueleza wewe, maana nilikuwa sijamwambia mtu. Siku ile ya Machi nilianguka asubuhi, njia ilikuwa tope tupu, nikalala bondeni mpaka mchana. Niliita. Niliita kila jina ninalolijua, na lako, ingawa uko ziwani. Lakini mimi nikiita sisikii kama kuna anayeitika. Naita, natazama njia, hakuna mtu, naita tena. Mwisho nikaona hakuna aliyenisikia, nikaacha. Gaudiosa aliponifikia alikuwa amekauka sauti. Alinisikia tangu mwanzo, alikuwa ananiitikia muda wote huku ananitafuta. Nilipoacha kuita ndipo aliponipoteza. Tangu siku hiyo, mwanangu, niliogopa kuita. Niliona afadhali ninyamaze nichume nilichonacho.

Godoro alilishusha. Amekaa siku tisa, wa ofisini kwake wamepiga simu mpaka wamechoka. Jumatatu alinipeleka hospitali. Kifundo kilivunjika na kimejiunga vibaya. Bondeni sitateremka tena. Hilo nimelilia, limekwisha. Nimepewa magongo. Florian amejenga matuta mengine matatu ya kufika kiunoni, na mimi nilisimama pale kuhakikisha kila moja limetobolewa chini. Bustani ya bondeni nimempa Gaudiosa. Ameshaanza matuta yake ya mihogo humo, nitavumilia. Na kalamu Florian ameishusha kutoka juu ya kabati, ndiyo maana leo unaona wino. Alipoondoka alibeba mnavu wa kupeleka Songea, na godoro ameliacha. Anasema ni la kwake, atakuja kulilalia kila mwisho wa mwezi.

Kwenye tuta la mwisho nimechimba ngoro mbili. Ndogo tu. Zinakunywa maji vizuri kabisa, usimwambie mtu.

Mwanangu, nilikutumia mguu wa Gaudiosa kwa sababu wangu sikuweza kuutaja. Wewe uliitikia hivyo hivyo, barua kwa barua, mpaka ukanifikia. Safari hii nimesikia.

Njooni Krismasi, wewe na Nathanieli na wajukuu wangu watatu, na mama mkwe kama magoti yanamruhusu.

Shangazi yako,
Hildegardi

N.B. Kwenye ile barua ya mwezi wa kumi umeandika "nisamehe" mara nne. Moja ilitosha. Na mkija, msinunue mboga njiani.